Akisimulia mateso yake, tunamponya au tunamtonesha?

SWALI: Shikamoo daktari. Najitolea kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma. Kuna mama katokea Kongo, alifungwa akapigwa sana, mpaka leo bati likilia kwa upepo tu anaingia chini ya kitanda. Nimesikia kuna tiba ya kumfanya mtu asimulie yote tangu kuzaliwa. Si ndo kumtonesha kidonda? Na sisi ambao sio madaktari tunaruhusiwa?

JIBU: Marahaba dada. Hiyo tiba inaitwa NET (Narrative Exposure Therapy, yaani tiba ya kusimulia maisha), waliitengeneza wanasaikolojia wa Ujerumani, Maggie Schauer, Frank Neuner na Thomas Elbert, na majaribio yake ya mwanzo yamefanyika jirani tu hapo, kambi za Uganda.

Kwanza huyo mama, hana ukaidi wala mashetani. Mtu akiwa kwenye hofu ya kufa, akili inashika vipande, kishindo, harufu, maumivu, moyo unavyodunda, ila wapi, lini na kiliishaje havikai vizuri, kwa hiyo bati likilia mwili unaona wameingia sasa hivi.

NET inarudisha hivyo vipande mahali pake. Mnatandaza kamba chini, mwanzo wake ni kuzaliwa, mnaweka juu yake mawe kwa matukio mabaya na maua kwa mema (na maua msiyaruke jamani, yana kazi), kipande cha mwisho kinabaki kimekunjwa kwa maisha yajayo. Halafu kikao hadi kikao anasimulia kwa mpangilio. Mkifika kwenye jiwe mnaenda polepole, uliona nini, mwili ulihisi nini, na sasa hivi unahisi nini hapa tulipo. Simulizi inaandikwa, kikao kinachofuata anasomewa na kurekebisha, mwisho anapewa nakala yake.

Hatari kubwa ni kumwacha katikati, yaani umemfikisha kwenye kipigo halafu saa imeisha mnaagana. Lazima mvuke hilo tukio mpaka moyo utulie. Hata WHO, Shirika la Afya Duniani, haishauri kumkalisha mtu kikao kimoja tu muda mfupi baada ya tukio amwage yote.

Kuhusu nyie msio madaktari, utafiti wa kambi ya Nakivale, Uganda, uliotoka 2008, wakimbizi 277 wa Rwanda na Somalia, watoa tiba walikuwa wakimbizi wenzao waliofundishwa. Miezi tisa baadae asilimia 70 ya waliopata NET hawakuwa tena na PTSD (ugonjwa wa akili unaobaki baada ya tukio la kutisha, kama wa huyo mama unavyoonekana), waliopata ushauri nasaha wa kawaida wa kiwewe asilimia 65, waliofuatiliwa tu bila tiba asilimia 37. Kwa hiyo inawezekana kabisa, ila walifundishwa na walikuwa na wasimamizi, bila hivyo vitu viwili naomba sana usianze.

Kwa sasa usimchimbe habari za jela. Bati likilia mwite jina lake kwa sauti ya kawaida, mwambie yuko Nyarugusu, ni upepo, mwache aguse kitu, aangalie nyumba yake. Mpeleke kliniki ya afya ya akili hapo kambini, na akitamka habari za kujiua mpeleke siku hiyo hiyo, usimwache peke yake.