Shangazi wa Mkanda: laptopu itoke au ibaki?

Safu hii naandika mimi niliyekaa miaka 19 mbele ya skrini ya ukaguzi wa mizigo uwanja wa ndege kabla ya kustaafu. Barua za mwezi huu ni tatu, na zote zinahusu vitu vya umeme kwenye begi la mkononi.

Shikamoo shangazi. Nasoma Uholanzi. Nikiondoka Dar niliambiwa nitoe laptopu na kishikwambi, niviweke kwenye treyi peke yake. Wakati wa kurudi likizo, pale Schiphol, nikaanza kuvitoa bila kuambiwa, mkaguzi akanizuia: "Acha humohumo." Nani kati yao hajui kazi?
*Mwanafunzi, Morogoro*

Marahaba mwanangu. Kazi wote wanaijua. Wamepewa mashine tofauti.

Mashine niliyozoea mimi hupiga picha ya begi kutoka upande mmoja au miwili, kama kivuli ukutani, kila kitu kimelalia kingine. Nguo, mkate, sabuni na vitabu hutoka rangi ya chungwa. Vyuma hutoka bluu. Vya katikati, kijani. Kitu ambacho mionzi haikipenyi kinakuwa cheusi tii. Laptopu imebanana betri, bodi, feni na mabati ya kupozea, kwa hiyo inafunika kila kilicho chini yake. Ukiniachia begini, naiona laptopu tu. Na vilipuzi vingi vina rangi ileile ya mkate wako.

Kuna mama mmoja, zamani kidogo, alikuwa anakwenda Muscat. Kwenye begi alikuwa na halua kilo mbili ndani ya kikapu cha ukindu, juu yake laptopu ya mwanawe, na waya wa chaja kauzungushia kikapu usimpotee. Nilichokiona mimi ni tonge zito la rangi ya chungwa, betri, na waya! Nilisimamisha mkanda, mkono unanitetemeka, nikamwita msimamizi. Tulipofungua mama akasema, "Si mngeniuliza tu?" Akatukatia kipande. Kazi hairuhusu, sikuchukua, lakini ile harufu ya hiliki ninayo mpaka leo. Angeitoa ile laptopu, ningeona halua na ningejua ni halua.

Mashine za Schiphol ni ndugu za zile za hospitali zinazompiga mgonjwa picha za vipande vipande. Zinalizunguka begi, zinapiga picha nyingi, kisha mkaguzi analigeuza kwenye skrini na kulimenya tabaka kwa tabaka kama kitunguu. Hana haja ya kukutolesha kitu. Schiphol wamezifunga kwenye njia zao zote za ukaguzi tangu 2021. Viwanja vingine vina njia mbili za mashine mpya na nne za zamani, ndiyo maana hata ndani ya jengo moja utasikia amri mbili.

Wala hofu yenyewe si ya kubuni. Tarehe 2 Februari 2016 ndege ya shirika la Daallo iliruka kutoka Mogadishu kwenda Djibouti, na bomu likalipuka ubavuni mwake. Lilikuwa ndani ya laptopu. Ndege ilikuwa haijapanda juu sana, rubani akairudisha Mogadishu, na aliyekufa ni yule mlipuaji peke yake. Kilichoniuma mimi kama mkaguzi ni ile video waliyoionyesha Wasomali baadaye: laptopu inapokezwa mkono kwa mkono na watu wanaofanya kazi hapo hapo uwanjani. Hapo mashine ya aina gani ingesaidia?

Salaam shangazi. Mimi ni fundi simu Kariakoo. Naenda Guangzhou, China, kufuata mzigo, halafu Yiwu kwa ndege ya ndani. Safari iliyopita walifungua begi langu kubwa wakachukua pawa benki, lakini ile niliyoshika mkononi wakaiacha. Si ingekuwa salama zaidi huko chini, mbali na watu? Na naweza kurudi na betri ngapi?
*Fundi, Dar es Salaam*

Fundi, wewe umeziona betri zilizovimba kuliko mimi, kwa hiyo hii utaielewa haraka. Laptopu inatolewa begini kwa hofu ya bomu. Pawa benki inakatazwa chini kwa hofu ya moto. Abiria wengi wanazichanganya hofu hizi mbili ndipo wanaona tunajichanganya sisi.

Betri ya lithiamu ikianza kuchemka, seli moja inaichemsha jirani yake. Ikitokea kwenye kiti cha 14C, mhudumu anaiona, anaizima, anaimwagia maji mpaka ipoe. Ikitokea tumboni mwa ndege kati ya masanduku, hakuna mtu kule, na gesi ya kuzimia moto iliyofungwa huko inapunguza miali tu, haiipozi betri. Januari 2025 ndege ya Air Busan iliungua ikiwa bado chini uwanjani huko Korea Kusini, moto umeanzia kwenye kabati la mizigo juu ya viti. Watu wote walitoka. Wachunguzi walisema inaelekea ilikuwa pawa benki.

Mwaka 2017 hofu hizi zilipigana hadharani. Mwezi Machi Marekani ilikataza abiria kuingia na vifaa vya umeme vikubwa kuliko simu ndani ya ndege zinazokwenda huko kutoka viwanja 10, Dubai, Abu Dhabi na Doha vikiwamo. Laptopu zote zikaenda tumboni, mamia kwa safari, na betri zake. Sisi wa kazi tulitazamana. Kufikia mwisho wa Julai katazo liliondolewa, baada ya viwanja hivyo kukaza ukaguzi.

Sasa hesabu yako. Chukua mAh, ule ujazo ulioandikwa kwenye betri, gawa kwa 1,000, zidisha kwa 3.7, unapata Wh, kipimo cha nishati wanachotumia wakaguzi. Ya 20,000 ni 74 Wh, inapita. Mwisho bila ruhusa ni 100 Wh. Ya 30,000 inafika 111, hiyo uombe ruhusa ya shirika kabla. Ikizidi 160 isahau. Na zile za mtaani zilizoandikwa 50,000 wakati ndani hazifiki hata 10,000? Mkaguzi anasoma maandishi, hafungui. Uongo wa kiwanda unakuponza wewe. Maandishi yakifutika nayo inachukuliwa.

China, tangu 28 Juni 2025, ndege za ndani hazipokei pawa benki isiyo na alama ya 3C, ithibati ya usalama ya China, inayosomeka. Kwa hiyo ya Kariakoo inaweza kukufikisha Guangzhou na ikaishia hapo, usiende nayo Yiwu. Ukipita Dubai na Emirates, tangu Oktoba 2025 ni moja tu, chini ya 100 Wh, na usichajie simu humo ndani.

Betri za simu zisizo ndani ya simu: mkononi, kila moja na kifuko chake au selotepu kwenye miguu yake, zisizidi 20, na ziwe za matumizi yako. Iliyovimba hapana kabisa. Betri za dukani ni mzigo wa biashara, na tangu Aprili 2016 betri za lithiamu za kuchaji zilizo peke yake, nje ya kifaa, haziruhusiwi kama kago kwenye ndege za abiria. Mpe wakala azilete kwa meli au ndege ya mizigo, azitaje kwa jina lake. Wenzako wanaozificha ndani ya mabegi ya nguo nawajua, na kwenye skrini zinaonekana vizuri sana.

Jambo moja zaidi. Begi lako la mkononi likichukuliwa getini kwa sababu ndege imejaa, toa pawa benki kwanza. Hapo ndipo wengi husahau.

Hujambo mwanangu. Nina sauti ya marehemu mume wangu akisoma Maulidi, iko kwenye kadi ya kumbukumbu ya simu. Nakwenda Muscat kwa mjukuu. Kijana hapa anasema mashine itaifuta.
*Bibi, Pangani*

Sijambo bibi, shikamoo. Haifuti. Mionzi ile huharibu filamu za kamera za zamani, hasa kwenye mashine mpya, kadi haiidhuru. Iache ndani ya simu, usiiweke kwenye treyi peke yake, kitu chenye ukubwa wa ukucha hupotelea kwenye roli za mkanda. Simu iwe na chaji, wakikwambia uiwashe iwake. Na kama unamchukulia mjukuu halua, ikae mbali na waya.