Jiwe halina dini tatu

Msomaji wa Mwanza, mwanafunzi wa jiolojia mwaka wa pili, ameniandikia hivi:

"Shikamoo mwalimu. Nilipewa kazi ya kueleza utafiti wetu wa miamba kwa Kiswahili, ili wanakijiji ambao tulichukua sampuli kwao wajue tulikuwa tunatafuta nini. Niliandika: 'Jiwe hili lina dini tatu: kwatsi, felspa na ulanga.' Niliposoma, watu wakaangua kicheko. Mzee mmoja akauliza, 'Na hilo jiwe linasali wapi?' Nikabadilisha nikaweka 'madini matatu', mwenzangu akasema bado haijakaa sawa. Umoja wa madini ni nini? Jiwe na mwamba vinatofautianaje? Na miamba ya moto, ya volkano, ya mgando, kila kitabu kina jina lake, nishike lipi?"

Marahaba. Kwanza mpe pole mzee kwa niaba yangu, maana swali lake lilikuwa na haki kabisa.

Madini hayana umoja. Ukiona neno linaanza na ma- na linakubali "haya" na "yale", mkono huenda wenyewe kukata ma-: majina, jina; mayai, yai. Lakini ma- ya madini haikubandikwa na Waswahili. Neno lilitoka kwa Waarabu likiwa zima, ma'din, na ile m ya mwanzo ni sehemu ya umbo lake huko huko: mahali pa kuchimbua, au kile kinachochimbuliwa. Dini nalo ni la Kiarabu, ila lina mzizi wake mwingine. Katikati ya ma'din kulikuwa na sauti ya ain, ile ya kooni ya Kiarabu, ambayo ndimi zetu ziliiacha njiani, na ilipoanguka ndipo maneno mawili yasiyo na udugu yakaanza kufanana kama mapacha.

Waswahili waliposikia madini waliyaweka pamoja na maji, mafuta na maziwa, vitu ambavyo havihesabiki kimoja kimoja. Maisha na maarifa, nayo ya Kiarabu, yalifanyiwa vivyo hivyo, na hakuna anayesema "isha moja" wala "arifa moja" akimaanisha sehemu ya maarifa. Utaniuliza mbona madrasa na maktaba, zenye ma- ile ile, zimebaki "hii" na "hizi". Naona ni kwa sababu hizo ni nyumba; unaweza kusimama mlangoni ukazihesabu. Madini hayana mlango.

Kwa hiyo mwenzako ana hoja, ingawa "madini matatu" si kosa la kuchapwa viboko. Magazeti huyaandika kila wiki. Mimi ningesema "aina tatu za madini" au "madini ya aina tatu", kama vile usivyosema "mafuta matatu" dukani ila kwa haraka. Ukitaka moja tu, taja jina lake: madini ya kwatsi, au kwatsi peke yake.

Sasa jiwe na mwamba. Hapa ndipo penye utamu, kwa sababu Kiswahili cha nyumbani na jiolojia vinauliza maswali mawili tofauti juu ya kitu kile kile.

Kiswahili cha nyumbani huuliza: ni kubwa kiasi gani, na linafanya kazi gani? Tangu mchanga, changarawe, kokoto, jiwe, hadi jabali, unapanda ngazi ya ukubwa. Halafu kuna kinoo cha kunolea kisu, jiwe la kusagia, mafiga matatu ya jikoni. Hakuna anayejali figa limetokea wapi mradi lisipasuke kwa moto. Mwamba katika ngazi hiyo ni kile kisichobebeka, kilichoshikamana na ardhi au kilichojificha chini ya maji. Nahodha wa jahazi akisema mwamba, anamaanisha kitakachotoboa chombo chake.

Mwanajiolojia haulizi ukubwa. Anauliza: kimeumbwa na nini, na kilizaliwaje? Kwake punje ya kwatsi katika mchanga wa ufukweni na fuwele ya kwatsi yenye urefu wa mkono ni madini yale yale, maana silikoni na oksijeni zimepangana kwa mpango ule ule. Na kwake mwamba ni mchanganyiko wa madini ulioshikamana, uwe mlima mzima au kipande cha kutia mfukoni. Hapo ndipo wanakijiji wako walipokupotea: uliposhika kipande mkononi ukakiita mwamba, waliona unatia chumvi.

Ushauri wangu ni huu. Kipande ulichoshika kiite jiwe. Kile ambacho kipande kimetoka kiite mwamba. Kilichomo ndani, kilichojenga vyote viwili, ni madini. Hivyo utasema: "Jiwe hili tumelimega kwenye mwamba wa itale, na ndani yake mna madini ya aina tatu." Mtu wa Mwanza hahitaji picha kuelewa itale, au graniti kama wengine wanavyoiita, mji mzima umekaa juu yake, na yale majabali yanayobebana ziwani ndiyo yenyewe.

Angalia upatanisho pia. Mwamba wa ardhini ni "mwamba huu", lakini vijana wa mjini wakimsifu mtu husema "mwamba huyu", na hilo nalo ni sahihi kwa kuwa sasa anazungumzwa mtu. Kuna na yule mwamba ngoma avutiaye kwake katika methali. Huyo hana uhusiano na jiolojia. Anatokana na kuwamba ngozi. Niliwahi kusahihisha insha iliyoeleza methali hiyo kwa habari ya mwangwi wa mawe, nikampa mwandishi alama moja ya ubunifu.

Swali lako la tatu ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Wanajiolojia huigawa miamba katika jamaa tatu kwa jinsi ilivyozaliwa, na majina uliyoyataja yote yanagombea jamaa ya kwanza. "Miamba ya volkano" ni jina zuri kwa mawe ya Kilimanjaro, maana yalitoka juu yakiwa ujiuji yakagandia hewani. Kwa itale ya Mwanza ni jina la uongo. Itale ilipoa ndani ya ardhi, taratibu sana, na ndiyo maana fuwele zake zilipata muda wa kukua hadi zinaonekana kwa macho matupu. Mawe mengi ya lava yalipoa haraka, chembe zake hazionekani bila kioo cha kukuzia. Ukiyaita yote ya volkano, umefuta tofauti ambayo utafiti wenu ulikwenda kuitafuta.

"Miamba ya moto" nayo inanitia shaka kidogo. Msikilizaji atadhani jiwe lina joto mpaka leo. Tena miamba iliyogeuzwa kwa joto kuu bila kuyeyuka nayo imepita motoni, kwa hiyo jina halitengi vizuri. Mimi ninapiga kura kwa "mgando". Kinachofanya mwamba huu uwe wa jamaa hiyo ni kwamba ulikuwa kioevu ukaganda, iwe ulikuwa na joto la nyuzi 1,100 kama lava ya basalti, au nyuzi 500 na ushee tu kama ile lava ya ajabu ya Ol Doinyo Lengai, inayotoka nyeusi kisha baada ya muda mfupi ikawa nyeupe kama majivu. Moto si sawa. Kuganda ni kule kule.

Kwa jamaa ya pili utakuta "miamba tabaka" na "miamba mashapo". Chukua mashapo, na usiogope kwamba ni neno la wazee. Mashapo ni yale yanayotulia chini ya chombo kinywaji kikitulia, na hivyo ndivyo mwamba huo unavyozaliwa: mchanga, tope na maganda ya viumbe hutua chini ya maji, mzigo juu ya mzigo, mpaka vya chini vikakazana vikawa jiwe. Neno linaeleza kuzaliwa. Tabaka linaeleza sura tu, na sura inadanganya: lava nazo hulala tabaka juu ya tabaka, na ile miamba iliyogeuzwa huwa na mistari mizuri kuliko mashapo yenyewe. (Wachongaji wa Tabaka kule Kisii, ambako jiwe laini huchongwa vinyago na sahani, wasikuchanganye, hilo ni jina la mahali.)

Makaa ya mawe yamo katika jamaa hiyo hiyo ya mashapo. Gazeti litakwambia "madini ya makaa ya mawe", na kwa lugha ya biashara na leseni hakuna ubaya. Katika ripoti yako yaite mwamba, maana yametokana na mimea iliyozikwa, na hayana mpango mmoja wa ndani kama kwatsi ilivyo nao.

Jamaa ya tatu ni miamba geu, ndiyo ile iliyogeuzwa, jina ambalo halina mpinzani wa maana, na mfano wake umetuletea sifa duniani. Tanzanaiti ilipatikana mwaka 1967 Mererani, chini ya Kilimanjaro, na watu wengi huamini ni zao la volkano ya mlima ule kwa kuwa vinatazamana. Si hivyo. Mlima ni mtoto mbele yake. Madini hayo yalijiumba zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, miamba ya zamani ilipokandamizwa na kupashwa joto kwenye kina kirefu, na vanadiamu kidogo ikapenya ikaleta ule ubuluu. Kwa jina la ukoo ni zoisaiti. Tanzanaiti ni jina la sokoni ambalo kampuni ya Tiffany ililitoa mwaka 1968. Ukisema "madini ya tanzanaiti" umelenga aina. Ukisema "jiwe la tanzanaiti" umelenga kipande. Mwaka 2020, mchimbaji Saniniu Laizer alipouza mawe mawili, moja la kilo 9.27 na jingine la kilo 5 na kitu, yalikuwa mawe mawili kweli. Hakuuza madini mawili. Na yakishachongwa yakang'arishwa, yanakuwa vito.

Hukuuliza kuhusu maneno ya vipimo, ila nimeona rasimu uliyoambatisha, na mawili yamenisumbua.

La kwanza ni ugumu. Umeandika kwamba almasi "haivunjiki kwa kuwa ina ugumu wa 10". Kipimo cha Friedrich Mohs, ambacho asili yake ni mwaka 1812, hakipimi kuvunjika. Kinapima nani anamkwaruza nani: talki namba 1, jasi 2, kwatsi 7, almasi 10, na ukucha wako uko kati ya 2 na 3. Almasi inakwaruza kila jiwe, lakini ukiigonga nyundo vibaya inapasuka. Kiswahili chetu kina -gumu moja kwa mti mgumu, swali gumu na mtu mgumu wa kutoa, ndiyo maana maana zimekuingiliana. Andika "ugumu wa kukwaruzwa" mara ya kwanza, ueleze, kisha endelea na ugumu peke yake. Tanzanaiti ina ugumu wa 6 hadi 7 na bado sonara huiogopa, kwa sababu inapasuka upesi.

Na "kupasuka" nimelichagua makusudi. Umetumia "kuvunjika" kila mahali, na hapo umeacha mali ya lugha barabarani. Tunapasua kuni na kupasua mbao, tukifuata njia ambayo mti wenyewe umeiweka. Ulanga hufanya hivyo, ukiuchambua unatoka karatasi kwa karatasi: huo ni mpasuko. Kwatsi haina njia ya namna hiyo. Ukiigonga inatoka vipande vilivyobonyea kama vya chupa. Huo ni mvunjiko. Wanakijiji wanaijua tofauti hii kabla hujafika na nyundo yako.

La pili, "mchirizi". Mchirizi kwangu ni maji yanayotiririka ukutani. Ulichokusudia ni ile alama ambayo jiwe huacha ukilisugua kwenye kigae kisichopakwa rangi. Sema "rangi ya unga wake". Itakuwa wazi hata kwa mchimbaji mdogo, ambaye ana sababu ya kujua: unga wa dhahabu ni wa njano, na piraiti inayong'aa vile vile hutoa unga mweusi wenye kijani.

Nyongeza moja, kwa kuwa mko kanda ya dhahabu. Usiseme "mawe ya dhahabu" kwa mawe yenye dhahabu kidogo ndani. Kiswahili kina mbale: jiwe lenye madini yanayofaa kuchimbwa. Na mbale ikishasagwa na kuchujwa hadi madini yakakolea, hayo ni makinikia. Mwaka 2017, makontena 277 yalipozuiwa bandarini Dar es Salaam, tulianza kwa kusoma "mchanga wa dhahabu", na watu wakajiuliza kwa nini mtu asafirishe mchanga hadi ng'ambo. Haukuwa mchanga. Makinikia lilipoingia magazetini, mjadala ulipata kitu chake cha kujadili.

Basi sentensi yako iwe hivi: "Jiwe hili limetoka kwenye mwamba wa mgando uitwao itale, na lina madini ya aina tatu: kwatsi, felspa na ulanga." Msomee yule mzee kwanza. Akiuliza tena linasali wapi, niandikie.