Kupima ardhi kwa nyundo na jiofoni: usiikimbilie kompyuta

Kama ndo unaanza kupima ardhi ya juujuu kwa mawimbi ya mtetemo, zile mita 20 au 30 za kwanza, nakuomba uachane kwanza na mambo ya programu gani ni nzuri. Kazi inaharibikia fildi.

Unachopima pale ni muda tu. Unapiga nyundo kwenye bamba la chuma, wimbi linashuka, likikuta tabaka lenye kasi zaidi linakimbia nalo huku likirusha mtetemo juu, na jiofoni (vihisi vya mtetemo vinavyochomekwa ardhini) za mbali zinaupata huo mtetemo kabla ya wimbi lililopita juu moja kwa moja. Kwenye grafu ya muda na umbali mstari unakunjika, na kina unakipata kutokana na hapo. Sasa kama mwanzo wa wimbi umefunikwa na kelele, hicho kina unachoandika ni ramli.

Kwahiyo jiofoni ichomekwe mpaka mwiba wote uzame, isimame wima, majani yaondolewe, manake iliyolegea itakuletea upepo tu. Rudia mapigo na uyajumlishe: mapigo 4 yanapunguza kelele za ovyo kwa nusu ukilinganisha na wimbi, ukitaka zibaki robo inabidi upige 16, ndo maana saa nyingine ni afadhali kusubiri lori lipite kuliko kuchosha mabega. Mstari uwe mrefu, mara 4 au 5 ya kina unachokitafuta, na upige ncha zote mbili, la sivyo tabaka lililolala mshazari litakudanganya kasi. Ukiona kitu kinakatiza rekodi kwa kasi ya kama mita 340 kwa sekunde, huo ni mlio wa nyundo hewani, usiuchukue kama mwanzo wa wimbi.

Halafu kuna hii kasi ya 1500, naiona kwenye ripoti nyingi mno. Udongo mkavu huwa kwenye mita 300 hadi 600 kwa sekunde, graniti nzima inavuka 4000, mtu akikuta 1500 anafurahi anaandika mwamba umepatikana, kumbe ni mchanga ule ule umejaa maji! Ukikuta namba hiyo ulizia kina cha maji kwenye kisima cha jirani, halafu pima na mawimbi ya mkato (yale yanayotikisa ardhi kwa upande), maana maji hayayabebi kwahiyo kasi yake haibadiliki sana ukifika kwenye maji, ila kwenye mwamba inapanda. Nyundo ni ile ile, tafuta jiofoni za hezi 4.5 uchambue mawimbi yanayotambaa juu ya uso wa ardhi, ndo yanakupa kasi ya hayo ya mkato.

Njia hiyo pia inasaidia pale tabaka laini linapojificha chini ya gumu, tuseme udongo laini chini ya kifusi kilichoshindiliwa. Mawimbi ya kupinda, yaani ile njia ya mwanzo ya kupima muda, hayalioni kabisa, na kina cha mwamba ulio chini yake kinatoka na makosa. Mahali kama hapo mimi sisaini ripoti bila angalau shimo moja la kuchoronga kwenye mstari.