Je, kipimo cha HLA kinaweza kutabiri mgonjwa wa anemia aplastiki atakavyoitikia dawa?

Swali: Daktari, naomba ufafanuzi. Mdogo wangu wa kike mwenye umri wa miaka 19 amegunduliwa kuwa na anemia aplastiki kali, yaani uboho wake umeshindwa kutengeneza damu ya kutosha. Tulipimwa HLA, yaani alama za kinga zilizo juu ya seli, sote tuliozaliwa tumbo moja ili apatikane wa kumchangia uboho, na kaka yetu amelingana naye kikamilifu. Katika majibu ya mgonjwa imeandikwa DRB1*15:01, nami nimesoma kwamba wenye aina hiyo huitikia vizuri dawa za kushusha kinga. Je, tunaweza kuahirisha upandikizaji na kutegemea dawa?

Jibu: Ndugu msomaji, pole sana kwa kuuguza. Ulichosoma kina ukweli ndani yake, lakini hakitoshi kumwahirishia mgonjwa wa umri huo upandikizaji ilhali mchangiaji aliyelingana naye yupo.

Katika anemia aplastiki isiyo ya kurithi, mara nyingi seli T (seli nyeupe za kinga) za mgonjwa mwenyewe ndizo zinazoziangamiza seli shina za uboho, yaani seli mama zinazozaa seli za damu, hata sehemu kubwa ya nafasi ya kutengenezea damu ikajaa mafuta. Seli T haitambui adui mpaka ionyeshwe kipande cha protini kilichoshikwa na molekuli ya HLA juu ya seli nyingine, na jeni za molekuli hizo, zilizo kwenye kromosomu ya 6, hutofautiana mno baina ya watu. Kwa hiyo si ajabu kwamba DR15, kundi la HLA ambamo DRB1*15:01 imo, huonekana kwa wagonjwa hawa mara nyingi zaidi kuliko kwa watu wenye afya. Ushahidi unaonishawishi zaidi, hata hivyo, umetoka ndani ya uboho wenyewe. Katika utafiti mmoja mkubwa wa Japani, takriban asilimia 13 ya wagonjwa walikuwa na seli za damu zilizopoteza nakala moja ya jeni za HLA katika mkono mfupi wa kromosomu ya 6, na aina ya HLA-B*40:02 ilijitokeza sana miongoni mwa zilizopotea. Seli hizo zilinusurika kwa sababu hazikuwa tena na molekuli ya kuzifichua mbele ya seli T.

Sasa tutazame majibu mliyopewa. Tarakimu 15 zinataja kundi, na 01 zinataja protini mahususi ndani ya kundi hilo. Maabara ikiandika DR15 pekee, hujui kama ni 15:01 au 15:02, na tofauti hiyo ina uzito, kwani katika wagonjwa wa Japani aina zote mbili zilihusishwa na ugonjwa, lakini mwitikio mzuri wa dawa ulihusishwa na 15:01, tena kwa wagonjwa waliokuwa pia na seli chache za aina ya PNH (kifupi cha ugonjwa wa damu ambao seli kama hizo husababisha zikiwa nyingi). Hizi ni seli zilizopata badiliko katika jeni ya PIGA, zikakosa protini fulani za juu ya utando, na hugunduliwa kwa flosaitometria, kipimo kinachochunguza seli moja moja, hata zikiwa chini ya asilimia moja. Badiliko hilo halirithiwi. Linatokea ndani ya uboho, na kuwapo kwake ni dalili kwamba kinga ndiyo inayoshambulia. Ningependa kuyaona majibu ya kipimo hicho kabla ya kuipa aleli yoyote, yaani aina yoyote ya jeni ya HLA, uzito.

Tafiti za jeni za saitokini (protini ambazo seli za kinga hutumia kupashana habari), kama vile TNF na intaferoni gama, zimetoa matokeo yasiyopatana, na sioni sababu ya kuzilipia. Mabadiliko ya jeni yanayozuka ndani ya uboho yamechunguzwa vizuri zaidi: katika utafiti wa mwaka 2015 uliohusisha wagonjwa 439, wenye mabadiliko ya jeni za PIGA, BCOR au BCORL1 waliitikia dawa vizuri zaidi, na wenye ya DNMT3A au ASXL1 walielekea kuwa na hali mbaya zaidi.

Linganisha hayo na uchaguzi wa dawa yenyewe. Mwaka 2011 ilichapishwa tafiti iliyolinganisha globulini ya ATG (kingamwili za mnyama zinazoziangamiza seli T) ya farasi na ya sungura, kila moja ikitolewa pamoja na siklosporini, dawa nyingine ya kushusha kinga. Baada ya miezi sita, asilimia 68 waliitikia ile ya farasi, na asilimia 37 tu ile ya sungura. Mwaka 2022, utafiti mwingine ulionyesha kwamba kuongeza eltrombopagi, dawa ya kuuchochea uboho, kwenye ATG ya farasi na siklosporini kulipandisha mwitikio wa miezi sita kutoka asilimia 41 hadi 68. Mgonjwa akilazimika kutumia dawa, maswali ya kwanza yawe haya ya dawa ipi inapatikana. DRB1*15:01 ije baadaye sana.

Hata mwitikio mzuri si sawa na kupona moja kwa moja. Dawa huchukua miezi kufanya kazi, na katika miezi hiyo mgonjwa mwenye neutrofili (seli nyeupe zinazopambana na bakteria) chini ya 500 kwa kila maikrolita ya damu yuko hatarini kupata maambukizi mazito. Baada ya hapo, ugonjwa unaweza kurudi, au uboho ukageukia mailodisplasia (hali ya kutengeneza seli za damu zenye kasoro) au saratani ya damu miaka kadhaa baadaye. Kwa kijana mwenye ugonjwa mkali na ndugu aliyelingana naye, upandikizaji ndio tiba ya kwanza inayopendekezwa.

Wakati mnajiandaa, asiongezewe damu ya ndugu wa familia, kwa kuwa mwili wake unaweza kujenga kinga dhidi ya tishu za kaka yenu na kuukataa uboho wake. Aongezewe damu iliyochujwa seli nyeupe na kupigwa mionzi pale huduma hiyo ilipo. Tena, ulizeni kama amepimwa anemia ya Fanconi, kwa kipimo cha kuvunjika kwa kromosomu, na urefu wa telomia (ncha za kromosomu), ambazo huwa fupi mno katika ugonjwa mwingine wa kurithi. Maradhi haya ya kurithi hayaponywi na dawa za kushusha kinga, na hubadilisha hata dozi za dawa za kumwandaa mgonjwa kwa upandikizaji. Likigundulika mojawapo, kaka yenu naye apimwe kabla ya kuchangia, kwani ndugu anaweza kuwa nalo bila kuonyesha dalili yoyote.