Jibu: Majedwali "hayapo" wakati wa kulinganisha hifadhidata

Ndugu, unauliza kwa nini programu ya kulinganisha inadai majedwali ya MySQL (programu ya hifadhidata) hayapo kwenye seva yenu ya Lubumbashi, wakati wewe unayaona. Tafadhali usibonyeze kusawazisha (kufanya hifadhidata mbili zifanane) kwanza! Inaweza kufuta majedwali mazima.

Angalia lower_case_table_names, mpangilio wa MySQL unaoamua kama herufi kubwa na ndogo zinatofautishwa kwenye majina ya majedwali. Kwenye Windows kwa kawaida ni 1, majina yote yanageuzwa herufi ndogo. Kwenye Linux ni 0, kwa hiyo Wateja na wateja ni majedwali mawili tofauti, na programu ikitafuta wateja haioni Wateja. Tangu MySQL 8.0 thamani hiyo huwekwa tu seva inapoandaliwa mara ya kwanza, basi mimi ningebadili majina yawe herufi ndogo upande wa Linux, pamoja na msimbo wa programu zenu unaoyaita.

Ikigoma bado, waandikie watengenezaji wa programu ya kulinganisha: toleo lake, faili la logi (kumbukumbu za utendaji wake), muundo wa majedwali mawili matupu. Data za wateja wenu usiwatumie, hata wakiziomba.