Kadi ya gari ina jina la nani?

Umeuliza kama yadi ya magari inayochangia vituo vya watoto yatima inasaidia kweli au inajitangaza tu. Yote mawili huweza kwenda pamoja, na sioni ubaya. Kama msaada wenyewe ni gari, angalia kadi yake: imeandikwa jina la kituo, au gari bado ni la yadi? Halafu uliza nani atalipa bima, matairi na sevisi mwaka wa pili, maana hapo ndipo vituo vingi huumia. Nimewahi kuona basi dogo la msaada, majani yameliotea hadi kwenye bampa, nembo ya mfadhili ingali inang'aa ubavuni. Iliniuma sana. Na wakiahidi kutoa fungu kwa kila gari litakalouzwa, wataje kiasi, na kituo chenyewe kithibitishe kupokea.