Kufifisha balbu ya umeme wa nyumbani kwa Arduino: tatizo lako ni sifuri

Mkuu mleta mada, nimekupata. Una Arduino Uno (ubao mdogo wa kuprogramu), umefunga rilei ya elektroniki, ile nyeusi ya skrubu nne, umeandika analogWrite (amri ya kuwasha na kuzima pini haraka haraka), na balbu ya wati 60 inapepesapepesa badala ya kufifia. Umeuliza kama Arduino ni mbovu. Si mbovu. Nilipita hapo hapo nilipokuwa natengeneza taa ya chumbani kwa mama. Anaamka alfajiri kuswali, na balbu ikiwaka ghafla inamuumiza macho, kwa hiyo nilitaka iwake polepole.

Umeme wetu ni wa volti 230 na hezi 50. Wimbi lake linapita kwenye sifuri (volti inakuwa 0 kabla ya kugeuka upande) mara 100 kwa sekunde, yaani kila milisekunde 10. Sasa analogWrite kwenye pini ya 9 inawasha na kuzima karibu mara 490 kwa sekunde bila kujua wimbi limefika wapi. Rilei yako nayo, kama nyingi za aina hiyo, husubiri sifuri ndipo iwashe. Kila ikifika sifuri inaiangalia pini: ikikuta imewaka inapitisha nusu wimbi zima, ikikuta imezima hakuna kinachopita. Ndiyo maana balbu inapata nusu wimbi mbili, inakosa moja, inapata moja, inakosa tatu. Ukibadilisha namba kwenye programu utabadilisha tu namna inavyopepesa.

Unachohitaji ni traiaki, swichi ya elektroniki ya umeme wa AC. Hii ukiishtua mara moja kwenye geti (mguu wake wa kuamrisha) inafunguka, na inabaki wazi hadi umeme ufike sifuri, hapo inajifunga yenyewe. Arduino inatakiwa ijue sifuri ni saa ngapi, isubiri kidogo, kisha ishtue. Ukisubiri sana, balbu inapata kipande kidogo cha wimbi.

Mimi nilitumia traiaki ya BT136 kwa upande wa balbu, na kati yake na Arduino optokapla ya MOC3021 (inapitisha ishara kwa mwanga, ili umeme wa ukutani usiguse Arduino). Hapa nilipoteza wiki nzima. Kariakoo muuzaji alinipa MOC3041 akasema ni ile ile. Si ile ile. MOC3041 ina kizuizi ndani, haiwashi mpaka wimbi liwe karibu na sifuri, kwa hiyo ukiishtua katikati ya wimbi haisikii. Balbu yangu ikawa ama inawaka yote ama haiwaki kabisa, nami nikawa naandika programu upya kila usiku nikidhani kosa ni langu. Soma namba iliyochapwa mgongoni mwa IC kabla hujatoa hela. Ukiipata MOC3052 chukua hiyo, kwa sababu inavumilia volti 600 na MOC3021 ni 400, wakati kilele cha volti 230 ni kama 325.

Saketi ya kuijulisha Arduino sifuri nilitengeneza kwa diodi nne za daraja na PC817, optokapla nyingine. Weka rezista mbili za kilo-ohm 47 za nusu wati, moja kwenye kila waya wa umeme unaoingia. Usiweke moja. Rezista ndogo nyingi za robo wati hazikutengenezwa kubeba zaidi ya volti 250, na mbili zinagawana mzigo na joto.

Sasa sehemu iliyonifundisha zaidi. Kila kitu kilikuwa sawa, nikawa nashusha mwanga taratibu, uzi wa balbu ukawa mwekundu kama kaa linalozimika, na nilipofika mwisho kabisa balbu ikawaka mwanga wote kwa ghafla. Kila nikirudia, hivyo hivyo.

Sababu ni kwamba PC817 haikuonyeshi sifuri yenyewe. Inakupa pulsi inayoanza kabla ya sifuri na kuisha baada yake. Niliipima kwa micros(), amri ya Arduino ya kusoma muda: yangu ilikuwa na upana wa mikrosekunde 1,300 hivi. Programu ilikuwa inaanza kuhesabu pulsi inapoisha, kwa hiyo nilikuwa nimechelewa mikrosekunde 650 tayari. Nikisubiri 9,500 juu yake, inakuwa 10,150, wakati nusu wimbi ni 10,000 tu. Mshtuo unaangukia mwanzoni mwa nusu wimbi inayofuata, na traiaki inaipitisha karibu yote. Dawa yake: pima upana wa pulsi yako, toa nusu yake kwenye muda wa kusubiri, na usiruhusu mshtuo kupita mikrosekunde 8,500 tangu sifuri ya kweli. Pini ya kushtua nayo izime mapema, mikrosekunde 100 zinatosha.

Usitumie delayMicroseconds (amri inayosimamisha programu) kusubiri. Siku utakayoongeza kihisi au kuandika kitu kwenye skrini, mwanga utayumba. Tumia Taima 1, saa ya ndani ya Arduino, ukiigawa kwa 8, milisekunde 10 zinakuwa hesabu 20,000 kamili. Ila ukitumia maktaba ya Servo (ya kuendesha mota ndogo) vitagombania taima hiyo.

Pia nusu ya muda si nusu ya mwanga. Ukishtua kwenye milisekunde 2.5 balbu bado inapata karibu asilimia 91 ya nguvu, kwenye 5 ni asilimia 50, kwenye 7.5 ni 9 tu. Tengeneza jedwali la muda wa kusubiri kwa kila kiwango cha mwanga, jicho litaona mwanga unapanda sawasawa.

Balbu za LED za kawaida achana nazo kwenye saketi hii, kama boksi halisemi inakubali kupunguzwa mwanga. Na kama lengo ni joto la vifaranga, si mwanga, basi MOC3041 ndiyo inafaa: unaruka mawimbi mazima, na redio haikoromi.

Kuhusu usalama naomba unisikilize. Lile bati la mgongoni mwa BT136 limeungwa na umeme wenyewe. Niliweka kidole nione kama limepata joto, mkono ukafa ganzi hadi kwenye kiwiko, na mtoto wangu alikuwa amesimama pembeni akiangalia. Nunua BTA16, bati lake limetengwa. Traiaki ikate laivu, si nyutro. Kwenye plagi ya pini tatu toa fyuzi ya ampea 13 uweke ya 3. Usichomeke waya wa USB wa kompyuta wakati saketi ina umeme, lisha Arduino kwa chaja ya simu. Kila kitu kiingie kwenye boksi la plastiki kabla hujawasha, hata kama ni majaribio ya dakika mbili.

Anza na upande wa PC817 peke yake, bila traiaki. Ukishapata upana wa pulsi yako uweke hapa pamoja na programu yako, nitaipitia.